Bitcoin: Kudumu Si Kuwa Fedha

Wachumi wanaojadili mustakabali wa Bitcoin wamegawanyika. Wapo wanaoiona kuwa ulanguzi mtupu usiofika mbali, na wapo wanaoamini kwamba ipo siku itaing'oa dola. Makala haya yanadai kuwa pande zote mbili zinachanganya mambo mawili: kudumu na kuwa fedha. Sifa ileile inayoipa Bitcoin nafasi ya kudumu kama mali ndiyo inayoizuia kuwa fedha.

Sifa hiyo ni ukomo. Kwa utaratibu uliobuniwa na Satoshi Nakamoto, jina la kupanga lililowekwa kwenye waraka wa Oktoba 2008, sarafu zitakazotolewa hazitazidi milioni 21. Benki kuu huongeza au kupunguza fedha kulingana na hali ya uchumi. Bitcoin haina wa kufanya hivyo. Mahitaji yakipanda au yakishuka, mzigo wote huiangukia bei. Novemba 2021 sarafu moja ilikaribia dola 69,000. Mwaka mmoja baadaye ilikuwa chini ya dola 17,000. Mwenye nyumba gani ataandika mkataba wa kodi wa mwaka mzima kwa kipimo kinachoyumba hivyo? Na anayetarajia bei ipande ana sababu gani ya kuitumia leo sokoni?

El Salvador ilijaribu kuleta matumizi hayo kwa nguvu ya sheria. Septemba 2021 iliifanya Bitcoin kuwa fedha halali, ikawataka wafanyabiashara waipokee, na ikawapa raia waliojiunga na programu ya simu iitwayo Chivo sarafu zenye thamani ya dola 30. Wengi walichukua zawadi wakaiacha programu. Januari 2025 sheria ilirekebishwa, kuipokea kukawa hiari. Watetezi husema hilo lilitokana na shinikizo la Shirika la Fedha la Kimataifa, lililokubali kuikopesha nchi hiyo dola bilioni 1.4. Shinikizo lilikuwapo, lakini fedha ambayo watu wanaitegemea kila siku haiondolewi kirahisi namna hiyo.

Udijitali wenyewe haukuwa kikwazo. M-Pesa, iliyoanza Kenya mwaka 2007, ilienea kwa sababu haikumtaka mtu abadili kipimo cha thamani: shilingi ilibaki shilingi, na wakala alikuwapo wa kuigeuza kuwa noti.

Hata hivyo, waliotabiri kifo cha Bitcoin wameumbuka mara nyingi. Ilinusurika Mt. Gox, soko la kuuzia na kununulia sarafu hizo, lilipoanguka mwaka 2014, na China ilipopiga marufuku uchimbaji mwaka 2021. Januari 2024 Marekani iliruhusu mifuko ya uwekezaji inayoishikilia iuzwe katika masoko ya hisa. Kwa wanaowekeza katika mifuko hiyo, ukomo wa sarafu ndio mvuto wenyewe.

Lakini kudumu huko nako kuna sharti. Usalama wa leja, yaani daftari la miamala yote ya Bitcoin, hulindwa na wachimbaji, wanaothibitisha miamala hiyo kwa kompyuta na ambao hulipwa sarafu mpya pamoja na ada za miamala. Malipo ya sarafu mpya hupungua kwa nusu kila baada ya takriban miaka minne. Tangu Aprili 2024 ni sarafu 3.125 kwa kila bloku, yaani fungu la miamala linaloongezwa kwenye leja, na yatakoma karibu mwaka 2140. Muda mrefu kabla ya hapo, ada ndizo zitakazobeba gharama za ulinzi. Zikibaki ndogo, wachimbaji watapungua na kuuhujumu mtandao kutakuwa rahisi zaidi. Zikipanda, malipo madogo yatafukuzwa kabisa. Na kuyahamishia nje ya leja ili yaende haraka kunaweza kuinyima leja ada inazozihitaji.

Kwa watunga sera, basi, Bitcoin ni mali ya hatari inayostahili kanuni za kodi na ulinzi wa wawekezaji. Haistahili kuogopwa kama mshindani wa shilingi wala kutangazwa kuwa fedha halali. Na anayetaka kukadiria umri wake asiitazame bei, ambayo hupanda na kushuka kwa matumaini ya wanunuzi. Atazame ni sehemu gani ya mapato ya wachimbaji inatokana na ada, na kama sehemu hiyo inakua kwa kasi ya kuziba pengo linaloachwa na sarafu mpya zinazopungua.