Mrejesho si taarifa tu

Diwani akitoka kwenye baraza, wananchi wake humtaka awape mrejesho. Kijana aliyeomba ushauri mtandaoni huahidi kwamba akishaujaribu ataleta mrejesho. Matumizi haya yameenea na hayana ubaya, ila katika taaluma ya mawasiliano neno hili limebeba zaidi ya taarifa inayoletwa shughuli ikishakwisha.

Mwaka 1948 Claude Shannon, mwanahisabati na mhandisi wa maabara za Bell nchini Marekani, alichapisha nadharia yake ya kihisabati kuhusu mawasiliano. Mchoro wake mkuu una chanzo cha habari, mtambo wa kurushia, ishara inayopita njiani, kelele zinazoivuruga, mtambo wa kupokelea, na mwisho mlengwa. Mwaka uliofuata Warren Weaver aliufafanua kwa lugha nyepesi katika kitabu chao cha pamoja, na tangu hapo wanafunzi wengi wameukariri kana kwamba ndivyo watu wanavyozungumza. Shannon mwenyewe alishughulika na simu na telegrafu, na alisema wazi kwamba maana ya ujumbe haihusiki na tatizo la kihandisi alilokuwa akilitatua. Mishale ya mchoro ule inakwenda upande mmoja tu.

Watu hawazungumzi hivyo. Hebu nyamaza kabisa kwenye simu, usiseme “ee”, “enhee” wala “naam”. Haipiti dakika mwenzako atakatiza habari yake aulize, “Haloo, unanisikia?” Visauti hivyo vidogo ndivyo vinavyomjulisha kama aendelee, apunguze mwendo au arudie. Hata mtambaji wa hadithi hafiki mbali ikiwa “Paukwa!” yake haikuitikiwa “Pakawa!”

Dhana yenyewe ya mrejesho ilianzia kwenye mitambo. Mwaka 1927 Harold Black, naye wa Bell, alibuni njia ya kurudisha sehemu ya mawimbi yanayotoka kwenye amplifaya hadi kwenye maingilio yake, ili kupunguza upotoshaji wa sauti. Norbert Wiener akaipanua mwaka 1948 ihusu wanyama na mashine pia: kilichotokea hulinganishwa na kilichokusudiwa, kisha hatua inayofuata hurekebishwa. Kufikia 1954 Wilbur Schramm alikuwa akiitumia kueleza mawasiliano ya watu, ambamo mtumaji na mpokeaji hupokezana nafasi.

Kiswahili kimeunda istilahi yake kutokana na kitenzi rejesha, yaani kufanya kitu kirejee, na naona kimepatia. Wapo wanaosema “mwitikio” au “majibu”, lakini jibu laweza kutolewa likaishia hewani. Kinachorejeshwa hakina budi kumfikia aliyekituma. Hapo ndipo ninapokuwa na shaka na masanduku ya maoni ukutani: karatasi zilizomo ni maoni, na zitabaki maoni mpaka mtu azisome na kubadili jambo.

Uzito wa tofauti hii huonekana kwenye dirisha la dawa. Mama mwenye mtoto mgonjwa anakabidhiwa bahasha iliyoandikwa 1 x 3. Mtoa dawa anasema, “Kimoja kutwa mara tatu, umeelewa mama?” naye anajibu, “Ndiyo,” kwa heshima, na kwa sababu foleni nyuma yake ni ndefu. “Ndiyo” hiyo haijamrudishia mtoa dawa chochote cha kumwezesha kujua kama ameeleweka. Ndiyo sababu wahudumu wa afya hufundishwa kumwomba mgonjwa aeleze mwenyewe alichoelewa: “Hebu niambie, mama, ukifika nyumbani utampaje?” Akijibu, “Nitampa vitatu asubuhi,” mtoa dawa ameshajua maneno yake yalipopotea. Anafungua bahasha na kutoa kidonge kimoja. “Hiki asubuhi, kingine mchana, kingine usiku. Haya, niambie tena.”