Mikoba Miwili ya Kihamba

Mwaka 1848 mmisionari Johannes Rebmann alitoka Rabai, nyuma ya Mombasa, akatembea hadi Kilema kwa mtawala wake, Mangi Masaki. Njiani, tarehe 11 Mei, aliona weupe juu ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro. Taarifa yake kwamba kuna theluji karibu na ikweta iliwafanya mabingwa wa jiografia wa London wabishane kwa miaka. Mimi nimezaliwa Kilema, na kila ninaposoma habari za ubishi ule najiuliza kwa nini hakuna aliyebishana juu ya kilichokuwa chini ya theluji: watu wengi kiasi kile wanaishi mteremkoni, wanakula wanashiba, na ardhi yao haichoki. Wageni waliofuata walianza kuliona. Charles New, aliyefika mwaka 1871, na Harry Johnston, aliyepiga kambi Moshi mwaka 1884, waliandika kuhusu mifereji ya maji iliyochimbwa kwenye miteremko na mashamba iliyoyanywesha.

Nataka niandike historia ya mashamba hayo kutoka upande ambao haujaandikwa vya kutosha. Kihamba, yaani shamba la ukoo lililoizunguka nyumba ya Mchagga, kimekuwa na mikoba miwili tangu kahawa ilipoingia. Mmoja ni wa kahawa, ulioshikwa na mwanamume. Mwingine ni wa ndizi na maziwa, ulioshikwa na mwanamke. Vitabu vimejaa habari za mkoba wa kwanza. Uliotulea ni wa pili.

Kihamba chetu hakifiki ekari mbili. Juu kabisa imesimama miringaringa na mifuruanje, miti iliyoachwa makusudi msitu ulipofyekwa na wazee wasiojulikana tena hata kwa majina. Chini ya miti ipo migomba, chini ya migomba mibuni, chini ya mibuni magimbi na maharage, na viazi vikuu vinapanda juu ya shina la mti wowote vitakaoupata karibu. Mpakani kuna masale, mmea ambao Mchagga akiupeleka kwa jirani aliyemkosea, jirani huyo ana wajibu wa kusamehe. Kuna msesewe mmoja pembeni, ambao gome lake hutia uchungu kwenye mbege, pombe yetu ya ndizi. Mtafiti Andreas Hemp, katika makala aliyoichapisha mwaka 2006, aliorodhesha zaidi ya aina 500 za mimea katika vihamba vya Kilimanjaro, na zaidi ya 400 kati ya hizo zimejiotea zenyewe. Hii ni mimea ambayo mkulima aliiona, akaona haimdhuru, akaiacha. Katika eneo lenye watu waliobanana kama vijiji vyetu, sijui heshima kubwa kuliko hiyo ambayo mkulima anaweza kuipa ardhi.

Mgeni akiingia humo huona kivuli na utulivu, akafikiri kwamba shamba linajiendesha. Haliendeshwi na kitu kingine ila kazi. Ng'ombe mmoja au wawili hufungiwa zizini. Zamani walilala ndani ya nyumba ya msonge pamoja na watu. Hawatoki kwenda malishoni kwa sababu mlimani hapana pa kuchungia. Kwa hiyo majani huletwa kwao, mengine yakitoka kwenye mashamba ya tambarare kule chini ambako familia hulima mahindi, maharage na, zamani zaidi, ulezi. Mama yangu alishuka asubuhi na panga na kamba, akapanda na mzigo wa majani kichwani uliomfunika hadi mabegani, na mteremko wa Kilema si wa mchezo. Ng'ombe alikula majani yale pamoja na vipande vya migomba iliyokwisha kuzaa. Samadi ilitolewa zizini kwa karai na kumwagwa kwenye mashina ya migomba, na mibuni nayo ikapata yake. Rutuba ya tambarare ilipanda mlimani juu ya vichwa vya wanawake, kizazi baada ya kizazi. Hiyo ndiyo sababu ardhi haikuchoka. Sioni nyingine inayoikaribia.

Maji yalikuwa kazi ya wanaume. Mifongo, ile mifereji iliyowashangaza wasafiri, ilichimbwa na koo, nyingine ikianzia juu msituni na kupita kwenye kingo za makorongo ambako hata mbuzi husita. Ukoo uliochimba mfereji ulikuwa na mzee wake aliyepanga zamu, na asiyekuja siku ya kuzibua matope hakupata maji. Haukuwapo mkataba ulioandikwa, lakini kila mtu aliijua zamu yake na ya jirani.

Na ndizi zenyewe! Watu wa mijini wanasema ndizi, basi. Sisi tuna mchare wa kupika, unaopondwa na nyama ya ng'ombe ukawa mtori, chakula cha mama aliyejifungua. Tuna kisukari na ndizi ng'ombe za kutengenezea mbege, zikichanganywa na kimea cha ulezi. Tuna kitarasa, ambayo hukaushwa na kusagwa unga wa uji wa watoto. Uchunguzi wa vinasaba umeonyesha kwamba mchare ni ndugu wa karibu wa mzazi mmojawapo wa ndizi za Cavendish, zile zinazojaza maduka makubwa ya Ulaya na Marekani. Migomba yetu haizai mbegu. Kila mmoja ni chipukizi lililong'olewa kwenye shina la mama na kupandwa tena. Aliyechagua chipukizi la kupanda na la kutupa, kwa mamia ya miaka, ndiye mboreshaji wa migomba ya mlima huu. Mara nyingi alikuwa mwanamke.

Kahawa ilitukuta katika hali hiyo. Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu waliofungua misheni ya Kilema mwanzoni mwa miaka ya 1890 walipanda mibuni ya arabika, na kutoka kwenye viunga vya misheni ikaenea. Walowezi Wazungu waliopata ardhi chini yetu waliipanda katika mashamba makubwa ya kahawa tupu. Mchagga aliipanda chini ya mgomba. Huo ni uamuzi mkubwa kuliko unavyoonekana. Zao la biashara liliingia nyumbani na halikukitoa chakula.

Walowezi hawakuupenda ushindani huo. Ng'ambo ya mpaka, nchini Kenya, Mwafrika alikatazwa kulima arabika hadi miaka ya 1930, na hata baada ya hapo aliruhusiwa kwa kiasi kidogo sana kwa miaka mingi. Walowezi wa Moshi walitaka Wachagga wabanwe vivyo hivyo. Ofisa wa serikali Charles Dundas alikuwa amewahimiza wakulima wapande, na mwaka 1925 wakulima wenyewe wakaunda chama chao, KNPA, kikiongozwa na Joseph Merinyo, ili kupambana na wadudu, kuuza kwa pamoja na kuilinda haki yao ya kulima. Mwaka 1933 mahali pake pakachukuliwa na KNCU, muungano wa vyama vya msingi uliosajiliwa chini ya sheria ya ushirika. Nao haukupendwa na kila mtu: wakulima walilazimishwa kuuza kwake tu, bei ziliposhuka wakahisi wameibiwa, na mwaka 1937 hasira zikalipuka katika baadhi ya maeneo, maghala ya kahawa yakashambuliwa.

Lakini vita vya pili vya dunia vilipokwisha bei zilipanda, na miaka ya 1950 ilikuwa miaka ya mabati, baiskeli na shule. Fedha za kahawa zilijenga madarasa mlimani wakati wilaya nyingi za Tanganyika zilikuwa na shule chache tu. Baba alikuwa mwanachama. Alikuwa na kitabu cha chama cha msingi, na jina lake ndilo lililoandikwa juu yake, ingawa kahawa ile tulichuma sote, na kuimenya, kuiosha na kuianika ilikuwa kazi ya mama na sisi watoto. Fedha zilikuja kwa awamu: malipo ya awali, ya pili, na ya mwisho ambayo yalisubiriwa kwa hamu kubwa. Mzee alizipokea yeye, na sikumbuki mama kuulizwa zitumikeje.

Mama hakuwa na kitabu. Alikuwa na gulio. Masoko ya mlimani yalikuwa ya wanawake tangu kabla ya utawala wa Wajerumani, na hata leo ukienda Marangu Mtoni au Mwika utawakuta wamekaa chini, mbele yao chane za ndizi, magimbi, parachichi, maziwa ya mgando. Mwanamke alikuwa na haki ya kukata mkungu wa ndizi za chakula, akapika nusu, akauza nusu, na fedha ile hakuna aliyemuuliza. Ilinunua chumvi, mafuta ya taa, sabuni, daftari. Haikuingia kwenye takwimu za serikali wala kwenye hotuba za wakubwa wa ushirika.

Kisha mkoba wa kwanza ukatoboka. Miaka ya 1960 ugonjwa wa chulebuni ulishika mibuni, dawa za kupulizia zikawa gharama isiyokwepeka. Mwaka 1976 serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika nchi nzima, na KNCU, iliyojengwa kwa zaidi ya miaka 40, ikafungwa. Sheria ya mwaka 1982 ilivirudisha vyama hivyo, lakini imani ni ngumu kuirudisha kwa sheria. Mwaka 1989 mkataba wa kimataifa uliokuwa ukigawa mgao wa kahawa duniani ulivunjika, bei zikaporomoka. Kuanzia mwaka 1994 wanunuzi binafsi waliruhusiwa, ruzuku za pembejeo zikatoweka. Baba alikaa misimu akisubiri malipo ya mwisho ambayo hayakuja, na mibuni yake ikazeeka pamoja naye.

Hatukulala njaa. Hilo ndilo ninalotaka lisomwe mara mbili. Kuna maeneo duniani ambako bei ya zao moja ikianguka watu hupanga foleni ya chakula cha msaada. Kilema kahawa ilianguka, na sufuria ya mtori ikaendelea kuchemka. Karo ya sekondari ya wadogo zangu ilitoka kwenye mikungu. Jioni ya kabla ya gulio mama alizunguka shambani na panga, akibonyeza ndizi moja moja kwa kidole, na alfajiri mikungu ilikuwa barabarani ikisubiri gari la kwenda Himo. Aliyewasomesha wasomi wengi wa mlima huu katika miaka ya 1990 ni mgomba, na mikono iliyoupalilia.

Mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa liliutambua mfumo wa kihamba wa Shimbwe Juu, kule Uru, kuwa urithi wa kilimo wenye umuhimu kwa dunia. Nilifurahi, na bado nafurahi. Lakini utambuzi haubebi majani. Vihamba vimegawanywa kwa wana na wajukuu hadi vingine havizidi uwanja wa shule. Mifongo mingi imekauka au imeziba, kwa sababu vijana wa kuizibua wako Dar es Salaam na Arusha. Ugonjwa wa mnyauko unaua kisukari na mchare. Na tunajenga. Kila Desemba tunarudi nyumbani, na kila Desemba kuna nyumba mpya ya vyumba vitano iliyosimama palipokuwa na migomba, uwanja wake umesakafiwa, na inafungwa kwa kufuli ifikapo Januari. Nasema hili nikiwapenda ndugu zangu na nikijua fedha walizozitolea jasho: tunafukia kwa zege ardhi ambayo bibi zetu waliijenga kwa karai.

Wanaobaki ni akina mama wazee. Hao ndio wakulima wadogo wanaotajwa kwenye mikutano. Dalali akifika na pikapu huutazama mkungu kwa jicho, hutaja bei, na mama asiye na usafiri wala ghala hana la kujibu, kwa kuwa ndizi iliyokatwa haingoji. Na wengi wao hawakimiliki kihamba walichokitunza. Kwa mila kihamba humwendea mwana wa kiume, mara nyingi wa mwisho, na mjane hukaa kwa hisani. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kupata na kumiliki ardhi. Mlimani sheria hiyo ni mgeni bado.

Kwa hiyo ninayo maombi mawili. Kwa wenzangu wa mlimani: ukoo ukikaa Desemba hii kuzungumzia kihamba, jina la mama liandikwe, na la binti anayebaki kulima liandikwe pia, na anayetaka kujenga ajenge kwenye kiwanja cha mjini au aongeze ghorofa, migomba ibaki. Kwa wewe unayekula ndizi Moshi, Arusha au Dar: uliza zimetoka kwa nani. Ukipita Marangu Mtoni, Mwika au Himo siku ya gulio, nunua kwa mama aliyekaa chini, nunua mchare na magimbi yake, na umlipe bei anayoitaja.