Nguzo za Baker na Reli ya Kibera

Herbert Baker alizaliwa Uingereza mwaka 1862. Alihamia Cape Town mwaka 1892, na Afrika Kusini ndiko alikopata jina: stesheni ya Pretoria ni kazi yake, na jengo kuu la serikali mjini humo pia. Mwaka 1925 akaja Kenya kwa mwaliko wa Gavana Edward Grigg. Akachora makazi ya gavana, ambayo leo ni Ikulu ya Nairobi, kisha yeye na Jan Hoogterp wakasanifu makao makuu ya reli karibu na stesheni ya Nairobi. Ni jengo la mawe lenye nguzo nene, na ukipita chini yake unajua mara moja kwamba reli ndiyo iliyokuwa serikali.

Miaka hiyohiyo Wanubi, askari wastaafu wa jeshi la kikoloni la KAR (King's African Rifles), walikuwa wakiishi Kibera, jijini Nairobi. Ardhi yao ilitengwa rasmi kwa jeshi mwaka 1918, ekari 4,197. Serikali iliyokuwa na fedha za nguzo haikuwapa hati ya kumiliki. Jambo hili linaniuma kila nikilitazama jengo lile, ingawa nakiri ni zuri.

Reli iendayo Kisumu hukata katikati ya Kibera. Sehemu yake iitwayo Silanga iko bondeni, upande wa Bwawa la Nairobi, na mkazi wake hupanda hadi kwenye reli ili aipate njia kavu ya kwendea kazini wakati wa mvua. Kwa miaka mingi wafanyabiashara walitandaza mitumba hadi kwenye mataruma. Honi ilipolia, muuzaji alikunja turubai kwa pembe zake nne, treni ikapita, akatandaza tena na kuendelea kumhudumia mteja yuleyule.

Januari 2008, katika ghasia za baada ya uchaguzi, vyuma vya reli viling'olewa Kibera. Reli ilirudishwa. Baadaye Shirika la Reli, kwa fedha za Benki ya Dunia, likajenga ukuta, nyumba na vibanda kwa waliokuwa wakiishi na kuchuuza kandokando ya njia. Kwangu mimi, msanifu aliyepima upana wa kibanda cha muuza samaki anastahili kutajwa pamoja na Baker.

Hati ya Wanubi ilitoka Juni 2017. Ni ya ekari 288.