Mwana Hiti na Mwanasesere Anayezijua Nguo Zake

Mwaka jana nilinunua mwanasesere kwa shilingi 15,000 katika soko la Tandika, wilayani Temeke. Alikuwa katikati ya rundo la midoli ya mtumba, baadhi haina macho, baadhi haina miguu. Muuzaji alinihakikishia kwamba huyu anaongea, isipokuwa betri zimekwisha. Nami, kwa ule udhaifu wa baba ambaye wiki nzima amerudi nyumbani watoto wamelala, nikaamini na nikalipa.

Muuzaji hakunidanganya. Nilipotia betri, mwanasesere alifumbua macho akasema kwa Kiingereza, kwa sauti ya mtoto mdogo, kwamba analipenda sana gauni lake la zambarau. Binti yangu wa miaka saba alinitazama. "Baba, amejuaje kama ni la zambarau?" Nilikuwa na shahada tatu na sikuwa na jibu.

Jumapili iliyofuata tulikwenda Mbagala kumwamkia mama mkwe, ambaye ni Mzaramo wa Kisarawe aliyehamia mjini alipoolewa. Aliliona lile gauni limefumuka pindo, akalivua, akachukua kipande cha khanga kilichobaki alipokatia foronya za mito, akakishona kwa mkono pale pale kibarazani. Kilikuwa na nusu tu ya jina la khanga. Maneno yenyewe yaliishia kwenye mkasi. Mwanasesere akavikwa, akakaa kimya. Kisha, baada ya kutikiswa, akalalamika kwamba anaona baridi, avalishwe nguo.

"Anasemaje?" akauliza mama.

Nikamtafsiria. Mama akacheka kwanza, kisha akamgeuza yule mwanasesere huku na huku kama mtu anayekagua papai sokoni. "Amevaa, naye anasema yu uchi. Huyu, mwanangu, hakulelewa na mtu."

Kauli hiyo ndiyo iliyonirudisha kwenye vitabu, na ndiyo sababu ya makala hii.

Nianze na siri ya gauni, maana ni nyepesi kuliko nilivyodhani. Ndani ya pindo mlikuwa na kidude chembamba kama ukucha, kisicho na betri. Kifuani mwa mwanasesere mna antena inayotoa mawimbi dhaifu ya redio. Kidude kinapokaribia, mawimbi yale yale hukipa nguvu ya kujibu, nacho hujibu kwa namba yake. Mwanasesere huitafuta namba hiyo katika kumbukumbu aliyojazwa kiwandani, akakuta sentensi inayohusu gauni la zambarau, akaisema. Haoni rangi wala hajui kitambaa ni nini. Anachokijua ni nguo zilizoandikishwa na aliyemtengeneza, na nguo yoyote nyingine kwake ni sawa na uchi.

Ufundi huo una historia yenye kejeli. Mwezi Agosti 1945 watoto wa Umoja wa Kisovieti walimzawadia balozi wa Marekani mjini Moscow nembo ya taifa lake, iliyochongwa kwa mti. Balozi aliitundika katika makazi yake. Ilikaa ukutani hadi mwaka 1952, ilipogundulika kwamba tumboni mwake mlikuwa na chombo kisicho na betri wala waya, kilichobuniwa na Léon Theremin, ambacho kiliamshwa kwa mawimbi ya redio kutoka nje na kuyapeleka mazungumzo ya balozi kwa wasikilizaji. Ni ile ile kanuni ya kitu kisicho na nguvu yake chenyewe, kinachoamshwa na anayekihoji. Vidude vya kutambulisha bidhaa vilivyopewa hataza nchini Marekani mwaka 1973 ni ndugu wa chombo hicho. Kutoka hapo viliingia katika maghala, katika kadi za kufungulia milango, na mwishowe katika vikombe na magauni ya watoto. Mwaka 2005 kampuni ya Playmates ilimtoa sokoni mwanasesere Amazing Amanda, ambaye aliweza kutambua sauti ya mtoto aliyemzoea, chakula chake cha plastiki na nguo zake. Thomas Edison alikuwa amejaribu kuuza wanasesere wenye santuri tumboni mwaka 1890. Walikwaruza, wakatisha watoto, na biashara ikafungwa baada ya wiki chache. Kati ya Edison na Amanda kuna miaka 115 ya Wazungu kutaka mwanasesere ajibu.

Na huku kwetu? Hapa ndipo nilipolazimika kujisahihisha, kwa sababu nilikuwa nimeanza kuandika kwamba sisi tulicheza na wanasesere wa matambara na magunzi ya mahindi, bubu wote, na kwamba hii ni habari ya teknolojia kutoka mbali kukuta utupu. Si kweli. Ardhi hii ambayo leo tunaiita Temeke na Kinondoni ilikuwa na mwanasesere wake aliyevishwa, aliyepakwa mafuta, na ambaye iliaminika kwamba hujibu. Anaitwa mwana hiti.

Mwana hiti ni kiwiliwili kilichochongwa kwa mti, mara nyingi kisichozidi shubiri moja. Hana mikono wala miguu. Ana matiti, ana kitovu, na kichwani ana nywele zilizosukwa zikasimama kama kilemba cha jogoo, mara nyingi vilemba viwili. Wazaramo wanaye, na majirani zao Wakwere, Wadoe, Waluguru na Wakutu wanaye pia. Jamii hizi kwa asili huhesabu ukoo kwa upande wa mama. Umbo lake lilichongwa pia kwenye fimbo za wakubwa, kwenye ala za muziki, hata kwenye nguzo za makaburi. Lakini kazi yake ya kwanza ilikuwa mikononi mwa mwali. Binti aliyevunja ungo aliwekwa ndani, akakabidhiwa mwana hiti amlee: amwogeshe, ampake mafuta, amtengeneze nywele, amvike shanga, alale naye. Enzi za zamani utawa huo ungeweza kuchukua mwaka na zaidi. Iliaminika kwamba malezi ya mwana hiti yangejibiwa katika tumbo la mwali mwenyewe. Aliyemtupa au kumpuuza alijitafutia utasa. Katika jamii ambayo ukoo ulipita kwa mama, jambo hilo liliugusa uhai wa ukoo mzima.

Msomaji atauliza haya nimeyapata wapi, kwani mkwe wa kiume hafundishwi unyago na mama mkwe wake. Ni kweli, na sikuthubutu kumwuliza. Nimeyapata kwa kusoma, hasa kazi ya Marja-Liisa Swantz, mtafiti kutoka Ufini aliyeishi katika kijiji cha Bunju katika miaka ya 1960 na kuchapisha mwaka 1970 utafiti wake juu ya ibada na ishara za Wazaramo. Bunju ile ilikuwa ya minazi na mashamba ya mpunga. Bunju ya leo ni Kinondoni: daladala, kuta zenye vioo juu, na madalali wa viwanja. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika Mkoa wa Dar es Salaam, na wengi wetu tumejenga juu ya nchi ya watu ambao hatukuwahi kuuliza walikuwa wanaamini nini. Mimi mwenyewe ni mhamiaji, nilikuja kwa ajili ya chuo.

Mama mkwe alisema jambo moja tu, tena hakunielekeza mimi. Alimwambia mjukuu wake: "Mimi nilipewa mtoto wa mti. Hakusema neno. Lakini nilijua akilia." Kisha akanyamaza, akaniona nipo, akamwagiza mtoto akachote maji.

Wanahistoria tuna tabia ya kuyapamba mambo yaliyokwisha, kwa hiyo niseme wazi. Sitaki binti yangu awekwe ndani. Utawa ulimfunza mwali usafi, heshima na siri za mwili wake, lakini pia ulimwandalia mume ambaye mara nyingi hakumchagua, katika umri ambao leo tunauita utoto. Shule ilipofika, utawa ulifupishwa hadi ukaingia katika likizo, na hilo halikuwa hasara tupu. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu binti kuolewa akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya mzazi. Mahakama Kuu ilikitangaza kifungu hicho kuwa kinyume cha Katiba mwaka 2016, katika shauri la Rebeca Gyumi, na Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo mwaka 2019. Nayaunga mkono maamuzi hayo bila kigugumizi. Ninachokataa ni hesabu ya haraka kwamba mwana hiti ni ushirikina na mwanasesere wa kidude ni maendeleo. Wote wawili wamebeba mafunzo, na mafunzo hayo yameandikwa na watu wazima wenye matakwa yao.

Tofauti ni nani anayemjaza mwanasesere maana. Mwana hiti alivikwa chochote kilichopatikana, shanga za bibi au tambara la shangazi, na kila kilichovikwa kilihesabika. Akirithiwa, alirithiwa na mafuta ya mikono ya waliomtangulia. Ndiyo maana wale wa zamani wanang'aa. Mwanasesere wa Tandika amefunzwa kutomtambua mshonaji yeyote isipokuwa mwenye kiwanda. Ukitaka aseme jambo jipya, nunua gauni jipya. Sijawahi kuona biashara iliyofungwa vizuri namna hiyo katika pindo la nguo.

Kuhusu lugha nina kijineno. Kamusi za Kiswahili za mwanzoni mwa karne ya 20 zinatoa neno bandia kwa maana ya mwanasesere. Mtoto wa bandia alikuwa mtoto wa kuchezea, hakuwa wa kughushi. Maana ya udanganyifu ndiyo iliyolimeza neno zima baadaye, hata leo tukisema bandia tunawaza dawa na noti.

Mwana hiti wengi wa zamani hawapo Kisarawe. Wapo katika makumbusho ya Ulaya, Berlin ikiwemo, kutokana na ukusanyaji ulioanza enzi za utawala wa Wajerumani, na wengine wengi wamo mikononi mwa wafanyabiashara wa sanaa. Mwaka 1994 palifanyika Berlin maonyesho makubwa ya uchongaji wa Tanzania. Kitu kilichotakiwa kulelewa usiku na mchana kimesimama ndani ya kioo, hakiguswi, kikavu. Pale Kijitonyama, katika Makumbusho ya Kijiji, nyumba ya Kizaramo ipo. Nimewapeleka wanafunzi wangu mara kadhaa, na kila mara wachache kati yao hugundua siku hiyo kwamba wao wenyewe ni Wazaramo wa Temeke ambao hawajawahi kusikia jina la mwana hiti.

Kuna upande wa serikali. Mwanasesere wangu ni wa kizamani; hana intaneti. Waliomfuata wanayo. Mwaka 2015 Mattel ilitoa Hello Barbie, aliyepeleka sauti ya mtoto kwenye kompyuta za mbali ili atafutiwe jibu. Februari 2017 mamlaka ya mawasiliano ya Ujerumani ilimpiga marufuku mwanasesere Cayla kwa kumhesabu kuwa chombo cha siri cha kusikiliza, ikawaambia wazazi wamharibu. Sisi tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na tuna Tume yake. Tuna Shirika la Viwango. Na tuna marobota ya mtumba yanayoshushwa kila wiki. Nani kati ya wakubwa hao atampasua mwanasesere mmoja na kuuliza kifua chake kina nini? Kilichokatazwa kwa mtoto wa Berlin kisije kikauzwa Tandika kwa shilingi 15,000, muuzaji akiapa kwamba shida ni betri tu.

Mama mkwe hakungoja serikali. Tulipokuwa tukijiandaa kuondoka alilichukua gauni la zambarau, akafumua pindo kwa ncha ya sindano, akakitoa kile kidude kama anayetoa mwiba, akakishonea ndani ya khanga. Akamvika mwanasesere na kumkabidhi mjukuu wake. Mwanasesere akafumbua macho, akiwa na nusu ya jina la khanga kifuani, akatangaza kwa Kiingereza kwamba analipenda sana gauni lake la zambarau.

"Sasa anasemaje?" mama akauliza.

Binti yangu alinitangulia kujibu. "Anasema ahsante, bibi."