Mkono wa Mgeni: Chimbuko la Makumbusho ya Sayansi ya Kugusa

Kwa muda mrefu makumbusho yalimtaka mgeni ayaache macho yake yafanye kazi na mikono yake itulie: vitu vilifungiwa katika makabati ya vioo, mlinzi akasimama kando, na mzuru akasoma kibandiko kisha akapita. Makumbusho ya sayansi ya kugusa, yaani yale ambamo mgeni hujifunza kwa kukiendesha chombo mwenyewe, yaliigeuza desturi hiyo, na mageuzi hayo yalipata nguvu mjini Munich, Ujerumani, ambako mhandisi wa umeme Oskar von Miller aliasisi Deutsches Museum mwaka 1903, akafungua maonyesho ya muda mwaka 1906, na hatimaye mwaka 1925 akayahamishia katika jengo la kudumu kwenye kisiwa cha mto Isar. Humo injini zilipasuliwa ubavu ili matumbo yake yaonekane, na aliyezungusha mpini aliona vali, yaani kilango cha kupitishia mvuke, ikifunguka, pistoni ikisogea ndani ya silinda, na gurudumu likifuata.

Mbegu ya Munich ilivushwa bahari na familia iliyokuwa matembezini. Mwaka 1911 Julius Rosenwald, mkuu wa kampuni ya biashara ya Sears, Roebuck ya Chicago, alizuru makumbusho hayo na jamaa zake, na mwanawe William, mtoto wa miaka 8, alinogewa na mitambo hiyo hata ikawa shida kumbandua. Baba hakulisahau jambo hilo. Mwaka 1926 aliahidi dola milioni 3 ili Chicago ipate makumbusho ya namna hiyo, nayo yakafunguliwa mwaka 1933, takriban mwaka mmoja na nusu baada ya kifo chake, katika Jumba la Sanaa lililosalia kutoka maonyesho ya dunia ya 1893; humo wageni waliteremshwa kwa lifti katika mfano wa mgodi wa makaa ya mawe. Rosenwald alikataa makumbusho yaitwe kwa jina lake, uungwana ambao haukudumu, maana tangu 2024 yanabeba jina la mfadhili mwingine.

Hata hivyo, kubonyeza kitufe si sawa na kuchunguza, kwani kitufe hutoa jibu lile lile ambalo fundi alikwisha kuliamua. Aliyeisukuma hoja hii mbele zaidi ni mwanafizikia Frank Oppenheimer, mdogo wake Robert aliyeongoza utengenezaji wa bomu la atomiki. Frank alipoteza kazi ya chuo kikuu mwaka 1949 kwa sababu ya siasa, akafuga ng'ombe Colorado, akafundisha shule ya sekondari, kisha katikati ya miaka ya 1960 akayazuru makumbusho ya Ulaya, yakiwemo ya Munich. Mwaka 1969 alifungua Exploratorium mjini San Francisco, nayo, kwa sadfa ya kupendeza, katika Jumba la Sanaa lililobaki kutoka maonyesho ya 1915. Huko mgeni aliachiwa abadili mambo na kuona kinachotokea, vijana wa shule waliajiriwa kuwa wafafanuzi, na karakana iliwekwa peupe, mafundi wakiunda na kurekebisha vyombo mbele ya macho ya watoto.