Baba Hachaguliwi

Mwaka 1928 Profesa Ernest Burgess wa Chicago alichunguza majalada ya wafungwa 3,000 walioachiwa kwa parole katika jimbo la Illinois, Marekani. Akapata mambo 21 ya kubashiri nani atavunja masharti. Mwenendo gerezani ulikuwemo, na kazi za mtu kabla ya kufungwa. Lakini yalikuwemo pia taifa la baba yake na mtaa alikoishi. Tangu 1933 Illinois ikaajiri wataalamu wa kuifanyia bodi hesabu hizo.

Mimi nasema bodi na iulize kosa, na iulize mfungwa amejirekebisha vipi. Tabia hurekebishika, baba hachaguliwi. Mtu akihukumiwa kwa asiloweza kulibadili, ajirekebishe ili iweje?