Bawabu Anayeitwa Mtihani

Sisi tuliokulia na mitihani ya darasa la saba na kidato cha nne tunaijua vizuri lugha ya kuchujwa. Labda ndiyo maana historia hii ya Marekani imeninasa.

Kule, kijana wa sekondari anaweza kusoma somo la chuo cha jamii kabla hajamaliza shule, na somo hilo likahesabika pande zote mbili. Ila kwa miaka mingi sharti lilikuwa moja: pita kwanza kwenye mtihani.

Ajabu ni kwamba mwanzoni ukuta huo haukuwepo. Joliet Junior College, Illinois, kilianza mwaka 1901 na wanafunzi sita ndani ya jengo la sekondari. J. Stanley Brown, mkuu wa sekondari hiyo, na William Rainey Harper, rais wa University of Chicago, walitaka vijana wapate masomo ya chuo bila kuhama kwao. Yaani chuo cha jamii kilizaliwa tumboni mwa sekondari.

Baadaye mama na mtoto wakatengana. Ilibidi sheria iwakutanishe tena: Minnesota mwaka 1985, kisha Washington mwaka 1990 kwa mpango wa Running Start. Wanafunzi wa darasa la 11 na 12 wakaruhusiwa kusoma vyuoni bila kulipa ada.

Sasa hapo ndipo bawabu alipoingia. Vyuo vilikuwa na mitihani ya kompyuta kama ACCUPLACER na COMPASS: ukipata swali, linalofuata linakuwa gumu zaidi. Ilitengenezwa ili kumpanga mtu ambaye tayari yumo chuoni. Akishindwa, anapelekwa darasa la kujikumbushia, lakini bado yumo. Kijana wa sekondari akipata alama zilezile, mara nyingi aliambiwa arudi alikotoka. Kipimo kimoja, adhabu mbili.

Na kipimo chenyewe? Mwaka 2012 Judith Scott-Clayton wa Columbia alionyesha kwamba mitihani hii ilimpanga vibaya sana karibu mtu mmoja kati ya wanne katika hesabu, na mmoja kati ya watatu katika Kiingereza. Matokeo ya shuleni, yale ya miaka mingi, yalitabiri vizuri zaidi. Mwaka 2015 kampuni ya ACT ikatangaza kuiacha COMPASS. Mwaka 2017 California ikapitisha sheria ya AB 705, inayovitaka vyuo vitazame kwanza rekodi ya shule. Korona ilipofunga vyumba vya mitihani mwaka 2020, vyuo vingi vikalazimika kufanya hivyohivyo.

Tuseme ukweli, bawabu naye ana hoja. Alama za shule hazilingani kila mahali, na kijana akifeli somo la chuo, alama hiyo inamfuata kwenye rekodi yake. Texas bado inadai ushahidi kwamba mwanafunzi yuko tayari, na ina mtihani wake, TSI.

Mimi sidai mlango uachwe wazi tu. Nadai aliyefanya kazi darasani miaka mitatu asihukumiwe na mchana mmoja mbele ya kompyuta, hasa kama Kiingereza ni lugha yake ya pili au ya tatu. Walioanzisha Joliet walitaka kumpunguzia kijana safari. Mtihani uliokuja baadaye uliwarefushia wengi safari hiyohiyo.